Vyuma vimekaza mpaka vimekatika: ukiishiwa hapa mjini unaanza kugonga mlango gani?

#1 BabaWawili_Mbagala

Habari wakuu. Niende moja kwa moja maana hata hili bando nimerushiwa na jirani.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Mbagala, nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la nne, mdogo ana miaka mitatu. Nilikuwa stoo kipa kwenye godauni moja barabara ya Nyerere kwa miaka sita na ushee. Mwezi wa pili tukaitwa watu kumi na moja tukaambiwa kazi zimepungua, nendeni nyumbani mtapigiwa. Sasa tuko mwezi wa sita, simu inaita za wadai tu. Kodi imeisha, mwenye nyumba kanipa mpaka tarehe 15. Mwezi wa tatu nilichukua laki mbili kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, nimeshalipa laki na themanini na bado nadaiwa laki na arobaini, msiniulize hiyo hesabu imekujaje. Tivii imeuzwa, mtungi wa gesi umeuzwa, tunapikia mkaa wa kopo.

Siombi hela humu, najua kuna watu washaanza kuandika "weka namba". Nauliza hivi: mtu kama mimi, mwenye nguvu zake, sio mgonjwa, sio mzee, sio ombaomba, msaada wa karibu anaupata wapi? Ofisi gani, kikundi gani, msikiti, kanisa, nani? Maana nilivyoona mimi, mjini ukiwa na simu ya tachi na mlango unaofungwa basi wewe bado hujafulia. Nilienda ofisi ya serikali ya mtaa, kijana aliyekuwa mezani akaniangalia viatu kwanza, halafu akatabasamu.

#2 Kidumu_cha_Lita20

Weka namba mkuu 😂😂 utani tu, pole sana. Nafuatilia uzi maana na mimi niko njiani nakuja huko ulipo.

#3 Mzee wa Kiburugwa

Pole kijana. Anza na mjumbe wako wa nyumba kumi, huyo ndiye anayeandika majina ya TASAF, ule mpango wa serikali wa kaya masikini. Mwambie ukweli akuweke kwenye orodha, kuna hela inatoka.

#4 Afisa_Mstaafu

Mzee #3 hapo umechanganya vitu viwili, ngoja ninyooshe. Mjumbe wa nyumba kumi ni balozi wa chama cha siasa, sio kiongozi wa serikali, ingawa watu wote tunaenda kwake kwa mazoea. TASAF majina hayaandikwi na mtu mmoja chumbani. Kunaitishwa mkutano wa mtaa au kijiji, kaya masikini sana zinatajwa mbele ya watu, halafu wanakuja wataalamu wanajaza dodoso nyumba kwa nyumba, mnakula milo mingapi, paa la nini, nani anafanya kazi. Na huendi tu siku yoyote ukajiandikisha kama laini ya simu, kuna awamu zake. Mtu aliyeachishwa kazi miezi minne iliyopita na ana miaka 38 hapati. Sio roho mbaya, mpango ule haukutengenezewa yeye.

#5 Mzee wa Kiburugwa

Sawa Afisa, lakini bibi mmoja hapa kwetu jina lake alilipeleka balozi, mimi mwenyewe nilikuwepo.

#6 Afisa_Mstaafu

Alilipeleka kwenye mkutano mzee wangu. Kulipeleka na kuliandika ni vitu viwili.

#7 Dada Chausiku

Mimi nitasema ambacho wanaume hawapendi kusikia. Tatizo lako kaka ni kwamba miaka sita ulikuwa unatoka saa kumi na moja alfajiri unarudi usiku, humjui mtu na hakuna anayekujua. Sisi wanawake tuna vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Jumapili kila mtu ananunua hisa, tano mwisho, halafu kuna ile buku ya mfuko wa jamii, ile haihesabiwi kwenye hisa na haina riba, ni ya msiba, ugonjwa, kuunguliwa nyumba. Mwaka juzi mume wangu alianguka na bodaboda akavunjika mguu, nilitumiwa laki na nusu siku hiyo hiyo kabla hata hatujamaliza kupigwa eksirei. Sikuandika barua. Mweka hazina alipiga simu kwa wenzake wawili, basi. Sasa muulize mkeo, inawezekana yuko kwenye kikundi na hajakwambia, wanaume wengi mnashangaa mkishafulia.

#8 Fundi Sele

Dada #7 unaongea kweli ila hiyo inamsaidia nini sasa hivi? Mtu anazama wewe unamwambia ungejifunza kuogelea. Hakuna kikoba kinachompokea mtu aliyefulia, wanataka mdhamini na hisa za miezi mitatu ndio ukope.

#9 Dada Chausiku

Sijasema aingie leo. Nimesema amuulize mkewe. Soma vizuri fundi.

#10 Wakili_bila_Joho

Wakuu mbona mnamtafutia huyu ndugu sadaka wakati ana madai yake? Someni #1 tena. Kaambiwa "nendeni mtapigiwa". Hiyo ni kupunguzwa kazi, na kupunguzwa kazi kuna utaratibu wake: mnapewa taarifa, mnashauriwa, mnalipwa. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Likizo ambayo hajaenda inalipwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Cheti cha utumishi lazima apewe.

Mkuu ulikuwa unalipwa shilingi ngapi? Na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, walikuwa wanakata?

#11 BabaWawili_Mbagala

Laki nne na ishirini. NSSF kwenye slipu inaonekana wanakata. Hatukupewa barua yoyote, ni maneno tu getini. Ila mkataba tulikuwa tunasaini wa mwaka mmoja mmoja, sijui kama hiyo inaharibu.

#12 Wakili_bila_Joho

Laki nne na ishirini gawa kwa 26 ni kama elfu kumi na sita na mia moja hamsini kwa siku. Zidisha siku 7, zidisha miaka 6. Ni kama laki sita na elfu sabini na nane, hapo sijagusa notisi wala likizo. Wewe unakimbizwa kwa laki na arobaini huku kuna mtu kakaa na hela yako.

Pa kwenda ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unajaza fomu namba moja, hulipii, na huhitaji wakili kwenye usuluhishi. Tatizo lako ni moja tu, muda. Kulalamikia kuachishwa isivyo halali ni siku 30 tangu siku ile, madai mengine kama mishahara na malimbikizo ni siku 60. Wewe yote yamepita. Itabidi uombe kuongezewa muda, kuna fomu yake, na ueleze kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi. "Niliambiwa nitapigiwa" inaweza kuwa sababu na inaweza kukataliwa.

#13 Jicho_la_Tatu

Wakili usimpe matumaini ya hewa. Mkataba wa mwaka ukiisha umeisha, hakuna kiinua mgongo hapo. Mimi nilikaa na kesi CMA miezi tisa, nauli peke yake kutoka Kibaha ingenunua cherehani.

#14 Wakili_bila_Joho

Inategemea uliisha au ulikatishwa katikati, na kama alikuwa anaongezewa kila mwaka bila kukatika, hayo ni mabishano ya mbele ya muamuzi, sio ya kuyamaliza humu. Wewe kesi yako ilikwendaje mwisho?

#15 Jicho_la_Tatu

Nilishinda.

#16 Kidumu_cha_Lita20

😂😂😂😂 sasa si uanzie hapo mkuu!

#17 Jicho_la_Tatu

Nimeshinda karatasi. Kampuni ilikuwa imeshahama ofisi na jina imebadilisha.

#18 Nesi_wa_Zamu

Tusisahau NSSF wakuu. Kuna fao la kukosa ajira, lilikuja na mabadiliko ya sheria ya 2018. Masharti yake uwe umechangia sio chini ya miezi 18 na uwe umeachishwa, sio umeacha mwenyewe. Unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa laki nne na ishirini ni kama laki na elfu arobaini kwa mwezi. Sio nyingi ila kodi ya chumba na sebule huko Mbagala inapumua.

Lakini KABLA ya kwenda angalia michango yako kama ilikuwa inafika. Usiangalie slipu. Slipu inaonyesha umekatwa, haionyeshi imepelekwa. Mimi hospitali binafsi niliyokuwa nafanya nilikuta miezi kumi na minne haipo. Kumi na minne! Na kila mwezi jina langu lilikuwa linasainiwa kwenye slipu.

#19 Binti Kitangari

#18 ilikuwaje ukalipwa?

#20 Nesi_wa_Zamu

NSSF wana watu wao wa kufuatilia waajiri wadaiwa, nilipeleka slipu zote nilizotunza kwenye mfuko wa rambo. Zililipwa kidogo kidogo. Zingine mpaka leo bado. Tunzeni slipu jamani hata kama zimefutika wino.

#21 Ng'wana Shinyanga

Mimi sielewi kwa nini hakuna aliyemwambia arudi nyumbani. Kijijini kodi hulipi, mboga unachuma, shule ni ile ile bila ada tangu 2016. Watu wa Dar mnapenda kuteseka kwa heshima.

#22 BabaWawili_Mbagala

Nyumbani kwetu ni Kilwa huko ndani, shamba la marehemu baba wameshagawana kaka zangu, mimi nilisema sihitaji maana nilikuwa na kazi Dar. Hiyo kauli niliitoa mwenyewe mbele ya watu.

#23 Ng'wana Shinyanga

Daah. Basi hapo nimenyamaza.

#24 Mwanakwetu wa Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni yale yale majina tofauti. Kina mama wana chama, ndio hivyo vikoba vyenu, wazee wa miaka 70 kwenda juu wana Inua Jamii, hela ya serikali, elfu mbili za Kenya kwa mwezi, lakini mtu wa umri wako hana lake ila Hustler Fund, na hiyo ni mkopo si msaada. Ilianza Novemba 2022, riba asilimia 8 kwa mwaka, wengi wamepewa mia tano bob za kuanzia. Mia tano bob! Kwa familia hiyo ni unga na mafuta, umeshamaliza.

#25 Fundi Sele

Asilimia 8 kwa mwaka? Huku kausha damu ni asilimia 8 kabla ya adhuhuri.

#26 Kolombasi Ohayo

Niko Marekani mwaka wa kumi na moja. Huku ukifulia unapiga namba 211, wanakuuliza zipukodi na shida yako, wanakwambia kanisa gani linagawa chakula siku gani, nani anasaidia bili ya umeme. Nilipopoteza kazi 2020 nilisimama foleni ya chakula na gari langu, kila mtu kwenye foleni yuko ndani ya gari, hakuna anayemwangalia mwenzake viatu. Kitu nilichojifunza ni kwamba hata huku ofisi moja haikusaidii, inakuelekeza kwa wenzake. Sisi hatuna mtu wa kuelekeza.

#27 Kidumu_cha_Lita20

Tunaye. 211 yetu inaitwa shangazi. Ukimpigia anakuuliza kwanza "na ile laki ya mwaka juzi?"

#28 Dada Chausiku

😂😂 na akishakusaidia anatangaza ukoo mzima.

#29 Ustadhi_Mpole

Tukitoka kwenye utani. Aibu ndiyo inayomuua huyu ndugu kuliko njaa. Mimi nipo kwenye kamati ya msikiti, zaka inayokusanywa ina makundi yake nane yanayostahili, na wenye madeni ni kundi mojawapo limetajwa kabisa. Sio mafukara na masikini peke yao. Watu hawaji. Anayekuja ni yule aliyezoea kuja, na tunamjua kwa jina na kwa kanzu. Mtu kama huyu unamkuta safu ya nyuma, anaswali, anaondoka kabla ya dua. Tutamjuaje?

#30 Mama Jumuiya

Ustadhi ni kweli kabisa. Huku upande wetu wakatoliki kuna jumuiya ndogo ndogo, tunasali nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo mtu anaonekana. Zamu ikifika kwako ukasema "naomba mniruke wiki hii", mwenyekiti mzuri anajua kuna kitu. Ila nikiri, kuna sehemu ukienda kuomba parokiani swali la kwanza ni kadi ya zaka umelipa mpaka mwezi gani. Nimeshuhudia mama anageuka mlangoni.

#31 Jicho_la_Tatu

Ndio maana nasema dini na vikoba ni kitu kimoja, unakula ulichoweka. Serikali ndiyo inatakiwa imsaidie asiyeweka.

#32 Dada Chausiku

Na serikali nayo unakula ulichoweka, hiyo NSSF ni nini?

#33 Afisa_Mstaafu

Serikali kuna vitu ila havitangazwi kwa mtindo wa mtu wa kawaida kuvielewa. Nitaje vinavyomhusu huyu bwana.

Mtoto mdogo wa miaka mitatu matibabu hospitali za umma yuko kwenye msamaha kwa sera, chini ya miaka mitano. Wewe mwenyewe ukiugua huna kitu, hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, omba kumuona afisa ustawi KABLA hujakimbia na KABLA hujakopa. Barua ya mtendaji wa mtaa inasaidia sana hapo, ndiyo hiyo inabidi urudi kwa yule aliyekuangalia viatu.

Kuna mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Haina riba. Ni ya vikundi. Mkeo akiwa na wenzake wenye shughuli inayoonekana, wanaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Haitoki wiki mbili, msijidanganye, lakini inatoka.

#34 Binti Kitangari

Inatoka kwa wanaojuana 🙄 sisi tulizungushwa miezi minane, mara katiba ya kikundi haina muhuri, mara andiko la mradi halijakaa sawa, andiko lenyewe ukitaka likae sawa kuna mtu anaandika kwa elfu hamsini.

#35 Afisa_Mstaafu

Hilo la elfu hamsini lipo na ni aibu yetu. Afisa wa kata kazi yake ni kuwasaidia kuandika bure.

#36 Nesi_wa_Zamu

Niongezee kwenye msamaha. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mgonjwa anayesaidiwa mara nyingi ni yule ambaye ndugu yake amesimama kwenye mlango wa ustawi asubuhi kabla ya saa mbili, ana karatasi mkononi, na anajieleza bila kupiga kelele. Anayekuja saa tisa mchana siku ya kuruhusiwa akiwa amekasirika, afisa ameshaondoka au ameshachoka. Sio haki, lakini ndivyo ilivyo.

#37 MtotoWaTemeke

Mimi nataka kurudi kwenye kausha damu maana ndio moto unaowaka. Mkuu umewaachia nini kama dhamana? Kadi ya benki? Kitambulisho? Samani?

#38 BabaWawili_Mbagala

Kadi ya benki na namba ya siri, na nimesaini karatasi ya vitu vya ndani, kitanda, friji, kabati. Friji halikuwepo hata wakati nasaini, waliandika wao.

#39 MtotoWaTemeke

Friji la kwenye karatasi 😂😂 samahani mkuu, nimecheka kwa uchungu. Na mimi waliniandikia sofa.

Sikiliza. Nenda benki leo ufunge hiyo kadi, uombe mpya. Hata kama haina kitu. Hela ya NSSF ikiingia siku moja humo wataichota kabla hujaamka. Pili, omba waoneshe leseni. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni, na Benki Kuu (BoT) kanuni zake kwa hao wa daraja la pili riba mwisho asilimia 3.5 kwa mwezi. Wakijua unajua wanapunguza sauti. Mimi nilienda nao mpaka ofisi ya mtaa, mwenyekiti akawaambia hesabu ipigwe upya mbele yake, ikaonekana nimeshamaliza na wao ndio wanatakiwa wanirudishie elfu ishirini na mbili. Hawakurudisha ila hawakuja tena.

#40 Fundi Sele

Na mimi walikuja na bajaji wakabeba godoro mwenyekiti huyo huyo anaangalia. Inategemea mwenyekiti.

#41 Kidumu_cha_Lita20

Mikopo ya kwenye simu je? Mimi waliwatumia meseji watu wote kwenye simu yangu mpaka mkwe, "mwambie fulani alipe ni tapeli". Mkwe akanipigia anauliza tapeli ni mimi au ni namba imekosewa.

#42 MtotoWaTemeke

Hizo BoT walitoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni, mwezi wa 11 mwaka 2024. Angalia kama yako imo. Ukikuta imo bado deni la msingi ni deni, lakini huko kudhalilishwa unashitaki.

#43 Mzee wa Kiburugwa

Sisi wa zamani tulikuwa tunakopa dukani tu, mangi anaandika kwenye daftari. Yamekwisha hayo siku hizi?

#44 Dada Chausiku

Hayajaisha mzee, ila kuna watu wakishafikisha deni wanapita njia ya nyuma.

#45 BabaWawili_Mbagala

Dada umenipiga kwenye mshono. Mimi napita njia ya nyuma tangu mwezi wa nne. Nazunguka kwenye mtaro nyuma ya mashine ya kusaga ili nisipite dukani kwa mangi. Mke ndiye anatumwa kununua kwa hela taslimu genge la mbali.

#46 Mama Jumuiya

Kaka yangu. Huyo mangi anajua. Dirisha la duka linaona mtaa mzima.

#47 Mmiliki_wa_Duka_Chanika

Nina duka miaka kumi na nne, naomba niseme upande wa pili. Anayeniumiza sio anayedaiwa. Anayeniumiza ni anayedaiwa na anapita na kimfuko cheusi cha duka lingine. Mtu akija akasema "boss mambo yamekataa, naomba nisiongeze deni ila nisikuibie njia", huyo namuandikia kilo mbili za unga kwa roho moja. Kwenye daftari langu kuna kurasa nimezikunja kona, hao ni waliofulia kweli, siwadai mpaka waseme wenyewe. Kona iliyokunjwa hakuna anayejua maana yake ila mimi na mke wangu.

#48 Jicho_la_Tatu

Sasa tumefika wapi, msaada wa kitaifa ni kona ya daftari?

#49 Mmiliki_wa_Duka_Chanika

Wewe umeuliza, mimi nimejibu la dukani kwangu.

#50 Ng'wana Shinyanga

Mimi bado nasimama na Wakili, adai haki yake kwanza.

#51 Ustadhi_Mpole

Adai, lakini leo jioni wanakula nini? Muamuzi wa CMA hapiki.

#52 BabaWawili_Mbagala

Wakuu narudi na mrejesho, ni siku tisa zimepita, samahani bando.

Kadi nimeifunga. NSSF nilienda, michango ipo miezi 61, mingine hamna, wamenipa orodha ya vinavyotakiwa, kubwa ni barua ya mwajiri kuonyesha nimeachishwa na ndiyo hiyo sina. Nilienda getini mlinzi ananijua akanipeleka kwa HR, HR kasema barua itatoka "wiki ijayo". CMA nimechukua fomu zote mbili, ile ya madai na ile ya kuchelewa, kuna dada pale alinionyesha pa kuandika, hakuniangalia viatu. Wenzangu kumi nimewapata sita, wanne wamekubali twende pamoja, mmoja anaogopa hatarudishwa kazini, na mmoja yuko Msumbiji.

Mke kumbe ana kikoba (Dada Chausiku usicheke). Wamempa elfu themanini ya mfuko wa jamii, mwenye nyumba kachukua sabini kasogeza mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa mangi nilienda usiku anafunga. Nimesimama pale kwenye kimeza cha vocha sijui nianzie wapi, yeye akafungua daftari akaligeuzia kwangu nisome. Elfu arobaini na tatu na mia tano. Mstari wa mwisho ulikuwa wa tarehe 9 mwezi wa nne, sukari robo na kiberiti. Akauliza "ulikuwa stoo kipa?" Nikasema ndiyo. Akasema Jumanne na Ijumaa anaenda Kariakoo kuchukua mzigo, duka linafungwa mpaka saa nane, anapoteza wateja, kama naweza kukaa. Elfu tano kwa siku, elfu mbili inakata deni. Nimeanza Ijumaa.

#53 Dada Chausiku

Sicheki. Nacheka kidogo.

#54 Jicho_la_Tatu

Elfu tano kwa nusu siku halafu anakata mbili? Huo ni unyonyaji tu umevaa kandambili. Huyo mangi kapata mfanyakazi kwa bei ya chai.

#55 Mmiliki_wa_Duka_Chanika

Kwa saa saba Dar hii ni bei ya kawaida, na kumuachia mtu droo ya hela sio jambo dogo. Mimi shemeji yangu simuachii.

#56 Fundi Sele

Wote mna point. Mkuu elfu tatu mkononi mara mbili kwa wiki ni elfu sita, kausha damu wanakuja kila siku. Hapo ulifanyaje?

#57 BabaWawili_Mbagala

Niliwaambia walete leseni twende kwa mwenyekiti. Wamesema watakuja Jumatatu na bosi wao. Mwenyekiti kasema atakuwepo, ila ni yule yule ambaye kijana wake aliniangalia viatu.

#58 MtotoWaTemeke

Beba risiti zote za marejesho. Na jumla uandike mwenyewe kwenye karatasi kabla, usisubiri wao wapige. Nipo Temeke hapa hapa, nicheki PM Jumapili nikupe nakala ya ile hesabu yangu uone jinsi ilivyopangwa.

#59 Wakili_bila_Joho

Na ile barua ya HR usiisubiri wiki ijayo ya pili. Andika wewe barua ya kuiomba, nakala mbili, wapige muhuri wa kupokea kwenye moja. Wakikataa kugonga muhuri andika tarehe, saa na jina la aliyekataa. Hiyo itakusaidia hata kwenye maombi ya kuchelewa.

#60 Nesi_wa_Zamu

Miezi 61 kwa miaka sita na ushee, hapo kuna kama miezi kumi na kitu imekwenda na maji. Uliza ni ipi.

#61 Mzee wa Kiburugwa

Kijana hongera. Huyo mangi wako sukari robo anauzaje sasa hivi? Huku kwetu kila siku bei mpya.

#62 BabaWawili_Mbagala

Mia nane mzee. Ila mzani wake unaanza mbele kidogo, nimeshamwambia.